DAC: Kifaa Kinachogeuza Namba Kuwa Muziki, na Lini Inafaa Kukilipia

TV mpya imefika sebuleni. Picha ni safi, lakini sauti ni nyembamba, kama inatokea ndani ya kopo. Mwenye nyumba anataka itokee kwenye sabufa yake ya siku zote. Anaigeuza TV aangalie nyuma: yale matundu mawili ya kutolea sauti, jekundu na jeupe, hayapo. Kuna HDMI, kuna USB, na kuna kitundu kidogo cha mraba chenye mwanga mwekundu ndani yake.

Akienda dukani, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, ataambiwa anahitaji DAC. Hapo ameambiwa ukweli. Shida huanza dakika mbili baadaye, meza ikishajaa bidhaa: DAC ya bei chee, DAC ya bei mara kumi inayosifiwa kuwa na sauti ya studio, waya wenye pini za dhahabu, na chaja maalumu ya kuipa DAC umeme safi.

Kipi kati ya hivyo kinabadilisha kinachosikika, na kipi kinakula hela bure? Jibu linaanza na kujua DAC inafanya kazi gani.

DAC ni nini?

DAC ni kifupi cha jina la Kiingereza la kigeuzi cha dijitali kuwa analogi. Muziki ulioko kwenye simu, flashi au intaneti ni namba tupu. Spika haielewi namba. Inaelewa umeme unaopanda na kushuka, ambao husukuma na kuvuta utando wake, hewa ikatikisika na sikio likasikia.

DAC inakaa katikati. Inasoma namba na kutoa umeme unaofuata umbo la sauti. Umeme huo ni mdogo, hivyo amplifaya huukuza kabla haujafika kwenye spika.

Kifaa hiki kimo ndani ya simu, TV, king'amuzi, laptop, redio ya gari na hata spika ndogo ya Bluetooth. Kwa hiyo anayenunua DAC ya nje huwa ananunua ya pili, ya tatu au ya sita. Cha kujiuliza kabla ya kutoa hela ni hiki: ile iliyopo ina kasoro gani?

Namba 44,100 ilitoka wapi?

Sauti ya kidijitali iliingia majumbani kupitia CD, iliyobuniwa kwa pamoja na Sony ya Japani na Philips ya Uholanzi. Oktoba 1982 Sony ilianza kuuza Japani mashine ya CDP-101. CD hupima sauti mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, yaani ngazi 65,536 za ukubwa wa sauti.

Namba hizo zina sababu. Sikio la binadamu kijana husikia kuanzia takriban hezi 20 hadi hezi 20,000, na kadiri umri unavyosogea, sehemu ya juu hupungua. Kazi ya wahandisi Harry Nyquist na Claude Shannon, ambaye andiko lake maarufu kuhusu jambo hili lilitoka mwaka 1949, ilionyesha kwamba ili kuhifadhi mawimbi yote hadi kiwango fulani, vipimo vinatakiwa kuzidi mara mbili ya kiwango hicho. Mara mbili ya 20,000 ni 40,000. CD iliongeza kidogo ili vichujio vipate nafasi ya kufanya kazi.

Mashine za kwanza za Philips hazikuwa hata na DAC ya biti 16. CD100 ilitumia chipu ya biti 14, lakini wahandisi wake waliiendesha kwa kasi mara nne na kusukuma sehemu kubwa ya kelele hadi mahali ambapo sikio halifiki. Matokeo yalikaribia sana biti 16. Tangu siku zile, ubora wa DAC umetegemea ufundi wa mzunguko mzima kuliko namba iliyoandikwa kwenye boksi.

Ile picha ya ngazi inapotosha

Matangazo mengi huonyesha sauti ya CD kama ngazi zenye kona kali, kisha sauti ya bei mbaya kama mstari laini. Picha hiyo huuza bidhaa, lakini haionyeshi kinachotoka kwenye waya.

Vipimo ni nukta, na baada ya nukta kusomwa, kichujio ndani ya DAC huziunganisha kuwa wimbi moja laini. Ukiwekwa kwenye mashine ya kuchorea mawimbi, mlio wa hezi 1,000 kutoka CD ya kawaida hutoka ukiwa mviringo kabisa, bila kona hata moja. Kuongeza nukta hakulainishi wimbi ambalo tayari ni laini. Kunaruhusu tu mawimbi ya juu zaidi kuhifadhiwa, mengi yakiwa ya kiwango ambacho watu hawakisikii.

Biti 24 na biti 32: maana yake nini kwenye sebule?

Kila biti moja huongeza takriban desibeli 6 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele ya chini. Biti 16 hutoa karibu desibeli 96. Biti 24 kwa hesabu hutoa 144, lakini hakuna kifaa cha nyumbani kinachofika huko, kwa sababu vifaa vya umeme vyenyewe hutoa kelele ya joto. DAC nzuri sana huishia karibu desibeli 120 hadi 130. Hivyo DAC iliyoandikwa biti 32 inaweza kupokea namba ndefu, lakini haimaanishi kwamba inatoa biti 32 za sauti safi.

Sasa chumba. Sebule tulivu usiku huwa na kelele ya karibu desibeli 30, bado feni na jenereta ya jirani hazijahesabiwa. Ili msikilizaji apate upana wote wa desibeli 96 juu ya kelele hiyo, muziki ungefika desibeli 126. Hicho ni kiwango cha kuumiza masikio, na sabufa nyingi za nyumbani haziwezi kukifikia hata zikilazimishwa.

Biti 24 zina kazi yake studio, ambako sauti hurekodiwa, hupunguzwa na kuchanganywa mara nyingi. Kwa msikilizaji wa nyumbani, biti 16 zilizofanywa vizuri tayari zinapita uwezo wa chumba.

Majaribio yalionyesha nini?

Mwaka 2007 watafiti E. Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti cha Marekani. Walichukua muziki wa ubora wa juu kuliko CD, wakaupitisha mara nyingine moja kwa moja na mara nyingine kupitia kifaa kinachoushusha hadi kiwango cha CD. Wasikilizaji hawakujua ni upi. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276, ambayo ni asilimia 49.8. Hiyo ni sawa na kurusha sarafu.

Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya matokeo ya tafiti 18 zenye majaribio zaidi ya 12,500. Kwa jumla, watu walitambua sauti ya ubora wa juu kwa asilimia 52.3. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa wingi wa majaribio haikuonekana kuwa bahati tupu, na waliopewa mafunzo kwanza walifanya vizuri zaidi.

Tafiti hizi mbili hazigombani sana. Kama tofauti ipo, ni ndogo kiasi kwamba wataalamu wanahitaji maelfu ya majaribio kuiona. Mtu anayeambiwa kwamba DAC mpya itabadilisha sebule nzima kama usiku na mchana anauziwa kitu kingine.

Kwa nini basi watu husikia tofauti kubwa?

Mara nyingi tofauti wanayoisikia ni ya kweli, ila sababu yake ni nyingine: sauti imeongezeka.

Sikio likipewa muziki uleule mara mbili, mmoja ukiwa juu kidogo tu, huuona ule wa juu kuwa mtamu zaidi, wenye besi zaidi na uwazi zaidi. Msikilizaji huwa hatambui kwamba ni suala la ukubwa wa sauti.

DAC nyingi za mezani hutoa volti 2. Adapta ndogo za simu hutoa volti 1 au hata 0.5. Kutoka volti 1 kwenda 2 ni ongezeko la desibeli 6, na kutoka 0.5 kwenda 2 ni desibeli 12. Mtu akichomoa adapta na kuchomeka DAC mpya bila kugusa kitufe cha sauti, DAC mpya imeshinda kabla wimbo haujaanza.

Kuna njia ya nyumbani ya kukata mzizi wa fitina. Vifaa viwili vinapigiwa mlio mmoja wa hezi 100, ambao programu nyingi za simu hutoa bure. Volti zinapimwa kwenye nyaya za spika kwa mita ya kawaida ya fundi umeme, kisha sauti inarekebishwa hadi namba zilingane. Hapo mtu wa pili anabadilisha vifaa bila msikilizaji kuona, mara 10, naye anaandika anachodhani. Akipata 5 au 6, amebahatisha. Akipata 9 au 10, kuna kitu anakisikia kweli.

Muuzaji anayekubali jaribio hilo dukani anaiamini bidhaa yake.

Jina la chipu halitoshi

Majina yanayotajwa sana ni ESS na Cirrus Logic za Marekani na AKM ya Japani. Oktoba 2020 kiwanda cha AKM kilichopo Nobeoka kiliungua kwa siku kadhaa, na kampuni nyingi za sauti zililazimika kubadilisha chipu na kuchora upya mizunguko ya bidhaa zao.

Chipu nzuri ikiwekwa kwenye sakiti mbaya hutoa sauti mbaya. Umeme unaoilisha, saa inayopanga muda wa nukta, na sehemu ya mwisho inayotoa volti vyote vina mchango. Ndiyo maana bidhaa mbili zenye chipu moja zinaweza kupimwa na kutofautiana.

Upande wa pili, bei ya ubora imeshuka sana. Apple ilipoondoa tundu la hedifoni kwenye iPhone 7 mwaka 2016, ililazimika kutengeneza adapta. Adapta yake ya USB-C, inayouzwa dola 9 Marekani, ina DAC na amplifaya ndani ya kichwa kidogo cha plastiki, na vipimo vyake vinapita vifaa vingi vya zamani vilivyouzwa kwa mamia ya dola.

Simu nayo inatoa funzo. LG ilitoa V20 mwaka 2016 ikiitangaza kwa DAC nne ndani yake. Wapenda muziki waliipenda, lakini mwaka 2021 LG iliacha kabisa biashara ya simu. Wanunuzi wengi walikuwa wanasikiliza kwa Bluetooth au kwa eafoni za kawaida, ambako DAC nne hazina la kuonyesha.

Bluetooth: DAC ya simu hukaa pembeni

Hili huwashangaza wengi. Mtu anaposikiliza kwa Bluetooth, simu inatuma namba hewani, na kazi ya kugeuza inafanyika ndani ya spika au hedifoni. DAC ya simu haiguswi kabisa.

CD hubeba biti 1,411,000 hivi kwa sekunde. Mfumo wa kawaida wa Bluetooth unaoitwa SBC hubeba karibu biti 328,000 kwa sekunde, na LDAC ya Sony hufika 990,000. Sauti inabanwa ili ipite. Inaweza kuwa nzuri sana masikioni, lakini anayelipia muziki wa ubora wa juu kisha akausikiliza kwa Bluetooth analipia sehemu isiyofika. Apple yenyewe, ilipoanzisha ubora huo kwenye Apple Music mwaka 2021, ilisema wazi kwamba Bluetooth haiubebi.

Lini DAC ya nje inasaidia kweli?

Kuna hali nne ambazo hela haipotei.

*Kwanza, tundu halipo.* Simu haina tundu la hedifoni, au TV haina tundu la kupeleka sauti kwenye sabufa. Hapa DAC ni lazima.

*Pili, kuna kelele inayosikika.* Laptop nyingi hutoa mlio wa chini, mikwaruzo au sauti ya kama mbu panya ya kompyuta inaposogezwa. Kelele hiyo inatoka kwenye umeme wa ndani ya mashine. DAC ya nje huitoa kazi hiyo nje ya boksi lenye kelele, na mara nyingi mlio hukatika papo hapo.

*Tatu, hedifoni ni nzito kuendesha.* Eafoni za kawaida huwa na ukinzani wa karibu omu 16 hadi 32, na simu yoyote inaziweza. Hedifoni kama Sennheiser HD 600 ina omu 300 na inahitaji volti zaidi. Ikichomekwa kwenye adapta ya volti 0.5, sauti hutoka ndogo hata ikifunguliwa mwisho. Dawa yake ni amplifaya, na vifaa vingi vinavyoitwa DAC huwa nayo ndani.

*Nne, kifaa cha zamani kimeharibika.* Tundu limelegea, upande mmoja unakatika. DAC ndogo ya USB mara nyingi ni nafuu kuliko kufungua laptop.

Nje ya hali hizo, tofauti kati ya DAC nzuri ya bei ndogo na DAC ya bei kubwa huwa kwenye vitufe, muundo na idadi ya matundu.

Adapta ya simu: zipo za aina mbili

Adapta za USB-C za kuchomeka eafoni zinafanana kwa nje, ila ndani kuna tofauti kubwa. Zipo ambazo ni waya tu, hazina DAC. Hizo hufanya kazi kwenye simu ambazo hutoa sauti ya analogi moja kwa moja kupitia tundu la chaji. Zipo zenye DAC ndani, ambazo hupokea namba.

Simu nyingi, zikiwemo Google Pixel na Samsung za daraja la juu tangu Galaxy Note 10 ya mwaka 2019, zinahitaji aina ya pili. Mtu akichomeka ile ya waya tu, simu hukaa kimya, au huandika kwamba kifaa hakitambuliki. Wengi hudhani adapta ni feki au simu imekufa. Njia rahisi ni kuijaribu adapta dukani kwa simu itakayotumika, kabla ya kulipa.

Adapta ya Apple nayo ina vituko vyake. Toleo la Marekani hutoa volti 1, la Ulaya hutoa 0.5. Kwenye baadhi ya simu za Android sauti yake hutoka ndogo, hata pale inapokuwa nzima kabisa.

TV na sabufa: hatua zinazosahaulika

Kabla ya kununua chochote, TV iangaliwe pande zote. Nyingi bado zina tundu la hedifoni pembeni. Likiwepo, waya wa pini moja kwenda pini mbili, nyekundu na nyeupe, unatosha.

Lisipokuwepo, kile kitundu cha mwanga ndicho njia. Kinaitwa Toslink, na kilibuniwa na Toshiba mwaka 1983. Sauti hupita kama mwanga mwekundu hadi kwenye kisanduku cha DAC, kisha hutoka kwa pini mbili kwenda kwenye sabufa.

Visanduku vingi hurudishwa dukani vikiwa vizima. Sababu za kawaida ni hizi:

- Kofia ndogo za plastiki kwenye ncha za waya wa mwanga hazikutolewa. Upande mmoja ukichomekwa kwenye TV, upande wa pili unatakiwa uonyeshe mwanga.
- TV inatuma sauti ya Dolby Digital, na kisanduku cha bei ndogo hakiielewi. Kwenye mipangilio ya sauti ya TV, sehemu ya sauti ya kidijitali inayotoka, inachaguliwa PCM.
- TV bado iko kwenye spika zake za ndani. Mipangilio inabadilishwa kwenda sauti ya nje.
- Kisanduku kinakula umeme wa tundu la USB la TV, na sabufa inavuma. Kikichomekwa kwenye chaja ya simu, mvumo mara nyingi hupungua au kuisha.

Jambo jingine: kwenye TV nyingi rimoti haipunguzi sauti inayopita kwenye mwanga. Sauti itapandishwa na kushushwa kwa rimoti ya sabufa. Hiyo ni kawaida.

Vifaa vya ziada: kipi kinatibu, kipi kinapamba

*Waya wa USB wa bei kubwa.* Waya huu hubeba namba. Namba zikifika, zimefika. Zikiharibika njiani, kinachosikika ni mkwaruzo, mlio wa ghafla au ukimya. Waya hauwezi kulainisha besi au kufungua sauti ya mwimbaji. Waya mzima usio mrefu kupita kiasi unatosha, na kwa USB 2.0 kikomo ni mita 5.

*Pini za dhahabu.* Dhahabu haishiki kutu, na kwa watu wa Mombasa, Tanga au Unguja, ambako hewa ya chumvi hula chuma, hiyo ni faida. Faida yake ni kudumu. Pini isiyo na kutu ya aina nyingine hutoa sauti ileile.

*Waya wa mwanga.* Huu una faida ya kipekee. Haupitishi umeme, hivyo hukata mvumo unaotokana na vifaa viwili kuunganishwa kwa njia mbili za ardhi. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na mvumo huo husikika kama muungurumo mzito wa hezi 50 au 100. Dalili yake ni rahisi: laptop ikichomolewa kwenye chaja, mvumo unakatika.

*Kitenganishi cha ardhi.* Ni kisanduku kidogo kinachowekwa kwenye waya wa sauti, chenye transfoma ndani. Kinatibu mvumo uleule pale waya wa mwanga hauwezekani. Cha bei ya chini sana hupunguza besi, kwa hiyo kinafaa pale tu mvumo upo.

Kuna watu hukata pini ya ardhi ya plagi ili mvumo uishe. Mvumo unaweza kuisha kweli, lakini kinga ya shoti inaisha pamoja nao. Siku waya wa ndani ukigusa bodi ya chuma, atakayeshika amplifaya ndiye atakayepigwa.

*Chaja maalumu ya DAC.* Inasaidia kama chaja ya kwanza ni mbovu na kelele inasikika. DAC iliyotengenezwa vizuri huchuja umeme wake yenyewe. Kama spika iko kimya muziki ukisimama na sauti ikiwa juu, chaja mpya haina cha kutibu.

*Saa maalumu ya kupanga muda wa nukta.* Nukta zikichelewa au kuwahi, sauti huchafuka. Lakini kosa la muda linaloanza kusikika kwenye muziki ni la makumi ya nanosekunde, na DAC za leo hukosea kwa sehemu ndogo ya nanosekunde moja. Vilevile DAC nyingi za USB za sasa hupanga muda zenyewe badala ya kuifuata kompyuta.

*Stabilaiza ya umeme.* Haiongezi utamu wa sauti. Inaokoa vifaa umeme unapopanda ghafla baada ya kukatika, na kwa nyumba nyingi hiyo ndiyo nyongeza yenye maana kuliko nyaya zote za dhahabu.

Hela ikiwepo, ianzie wapi?

DAC ya kawaida huchafua sauti kwa sehemu ndogo ya asilimia, mara nyingi chini ya 0.01. Spika nzuri inaweza kuchafua kwa asilimia 1 au zaidi kwenye besi, na chumba chenyewe hupandisha baadhi ya sauti na kuzamisha nyingine kwa desibeli 10 au zaidi. Kasoro kubwa iko kwenye spika na chumba, na hapo ndipo hela huleta mabadiliko yanayosikika.

Hatua za kwanza ni za bure. Spika zikitolewa kwenye kona, besi inayovuma hupungua. Zikiinuliwa hadi usawa wa masikio, maneno ya mwimbaji huwa wazi. Pazia zito, zulia na makochi hupunguza mwangwi wa sebule yenye vigae na kuta tupu. Sabufa ikihamishwa nusu mita, wimbo uleule unaweza kusikika kama mwingine.

Kisha kuna chanzo. Video ya YouTube huwa na sauti iliyobanwa, na wimbo uliopakuliwa ukazunguka kwenye makundi ya WhatsApp unaweza kuwa umebanwa mara tatu. Hakuna DAC inayorudisha kilichotupwa. Faili safi kwenye adapta ya bei ndogo itaishinda faili mbovu kwenye DAC ya bei ya pikipiki.

Baada ya hapo ndipo spika au hedifoni bora zinafuata, kisha amplifaya inayoziweza. DAC inakuja mwisho, isipokuwa pale tundu halipo au kelele inasikika.

Yule mwenye TV mpya, kwa hesabu hiyo, anahitaji vitu vitatu: kisanduku cha kawaida cha DAC, waya wa mwanga uliotolewa kofia, na PCM kwenye mipangilio. Ile hela nyingine iliyokuwa iende kwenye waya wa dhahabu inatosha zulia.